Barua ya Tawi, Pointi Nne na Dirisha la Udahili

Tangazo la kuitwa kwenye usaili lilikuwa fupi. Nafasi: Afisa Udahili Daraja la II. Nije na vyeti halisi vyote, kuanzia cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha kidato cha sita hadi cha shahada. Hati za matokeo za muda hazitapokelewa. Kwanza usaili wa mchujo, wa kuandika. Watakaovuka hapo ndio watakaokaa mbele ya jopo.

Ushauri haukukosekana. Vaa nadhifu, fika mapema, kariri dira na dhima ya chuo, pitia sheria ya utumishi wa umma. Yote hayo nimeyafanya. Lakini nimekaa kwenye dirisha la udahili misimu minne kwa mikataba ya miezi mitatu mitatu, na nimejua kwamba swali gumu la kazi hii halitoki kwa jopo. Linatoka kwa mzazi aliyesafiri usiku kucha kutoka Kibondo, bahasha ya kaki kwapani, akauliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu amekosa kwa nini?" Ukimjibu kwamba mfumo umemkataa, hujamjibu kitu. Anataka kujua ni kipimo gani kilichotumika, nani alikiweka, na kama mwanawe amepimwa kwa haki.

Basi nikaamua kwamba maandalizi yangu ya usaili yatakuwa kujifunza vipimo hivyo vilitoka wapi. Nilianzia nyumbani kwa mjomba, Shinyanga.

Mjomba ana sanduku la bati la tangu enzi zake za Jeshi la Kujenga Taifa, JKT. Nilipomwamkia na kumweleza nilichofuata, alitabasamu, akaingia ndani, akatoka na karatasi moja ndani ya mfuko wa plastiki. Ilikuwa imekunjwa mara nne na mikunjo imeanza kukatika. Imepigwa chapa kwa mashine ambayo herufi yake ya "a" imejaa wino, na chini kuna muhuri wa zambarau wa tawi la Chama. Barua inasema kwamba ndugu huyu amefanya kazi katika kinu cha kuchambua pamba kwa uaminifu, anashiriki shughuli za ujenzi wa taifa, hana majivuno, na tawi linampendekeza aendelee na masomo ya juu. Imetiwa saini na katibu wa tawi. Mjomba alisema walikaa kikao cha wafanyakazi kwanza, wakamjadili yeye akiwa nje, chini ya mwembe, kwa zaidi ya saa moja.

"Mpwa wangu," aliniambia, "nilikuwa na alama nzuri za kidato cha sita. Lakini siku ile nilikuwa namwogopa mzee wa mashine ya kufunga marobota kuliko nilivyouogopa mtihani."

Azimio la Musoma ndilo lililomweka chini ya mwembe ule. Mwezi Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala cha wakati ule, ilikutana Musoma na kuamua, pamoja na mambo mengine, kwamba kijana hatatoka kidato cha sita na kuingia Chuo Kikuu moja kwa moja. Atakwenda JKT, kisha atafanya kazi kwa kiasi cha miaka miwili, na ndipo ataomba nafasi akiwa na mapendekezo ya mwajiri wake na ya Chama. Mjomba alimaliza kidato cha sita mwaka 1975, akaenda JKT Ruvu, akarudi Shinyanga kwenye kinu cha pamba, akaingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani Mlimani, mwaka 1979. Umri wake darasani ulikuwa wa kawaida. Wengine walikuwa na wake na watoto watatu.

Uamuzi ule ulikuwa na historia yake. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kwenda Ikulu, baadhi yao wakiwa wamevaa majoho, kupinga sheria ya kuwalazimisha wasomi kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, kisha akawafukuza karibu 400 warudi makwao. Siku hiyo hiyo alitangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye, Machi 1967, akatoa andiko la Elimu ya Kujitegemea. Nikiweka matukio haya kwa mfuatano, naona mstari ulionyooka hadi Musoma: kiongozi aliyeona vijana wachache waliosomeshwa kwa jasho la wakulima wakidai mengi, naye akatafuta njia ya kuwapima kwa kitu kingine zaidi ya karatasi ya mtihani. Alitaka wenzao wa kazini waseme kama ni watu wa kufaa.

Nalitazama lengo hilo kwa heshima. Naijua pia hasara yake, kwa sababu iko kwenye familia yetu. Mama mkubwa alimaliza kidato cha sita wakati uleule. Naye aliambiwa akafanye kazi kwanza. Akiwa kazini alipata mchumba, akaolewa, akazaa, na barua yake ya tawi haikuandikwa kamwe. Hakuwa peke yake. Idadi ya wasichana walioingia Chuo Kikuu ilishuka mara tu baada ya Azimio, hata Serikali ikalegeza sharti kwa wasichana miaka michache baadaye, wakaruhusiwa kuingia moja kwa moja kutoka shuleni. Kwa mama mkubwa ilikuwa imechelewa. Aliuza vitenge soko la Kahama mpaka alipostaafu mwenyewe, na hesabu zake za duka aliziandika kwa mwandiko wa mtu aliyezoea insha. Kwa wavulana sharti lilidumu zaidi, likaondolewa katika miaka ya 1980.

Ukirudi nyuma ya Musoma, unakutana na vipimo vingine. Shule ya Serikali ya Tabora, iliyoanzishwa miaka ya 1920, ilikusudiwa kwanza kwa watoto wa machifu. Kipimo kilikuwa ukoo. Nyerere mwenyewe, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki, aliingia Tabora mwaka 1937 akitokea Shule ya Mwisenge, Musoma. Mwaka 1943 akaenda Makerere. Kwa Mtanganyika wa wakati ule hapakuwa na chuo cha juu nyumbani. Makerere ilikuwa imeanza mwaka 1922 kama shule ya ufundi yenye wavulana 14 waliofundishwa useremala, ujenzi na umakanika, na iliwapokea wanawake wa kwanza mwaka 1945, sita tu. Mitihani ya sekondari ilitoka Cambridge, na karatasi za majibu zilisafirishwa kwenda Uingereza kusahihishwa. Kijana wa Songea au wa Bukoba alikuwa akisubiri uamuzi wa mtu ambaye hatamwona maishani.

Mlango wa kwanza wa chuo kikuu katika nchi yetu ulifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961, wiki sita kabla ya Uhuru, katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam. Kitivo kimoja, cha Sheria. Wanafunzi hawakufika 15. Kilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki mwaka 1963, kikahamia Mlimani mwaka 1964, na tarehe 1 Julai 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wakati huohuo nchi ilikuwa inachukua mitihani yake mikononi: ilijitoa katika baraza la mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1971, na Baraza la Mitihani la Tanzania likaundwa kwa sheria mwaka 1973. Hadi mwaka 1990 vyuo vikuu vyetu vilikuwa viwili tu, Mlimani na Sokoine kule Morogoro, na kazi yote ya udahili ingeweza kufanywa na watu wachache wenye makabati ya chuma na mashine ya chapa.

Kisha vikaja vingi kwa haraka. Chuo Kikuu Huria kilianzishwa kwa sheria mwaka 1992, vyuo binafsi na vya madhehebu vikaruhusiwa kuanzia katikati ya miaka ya 1990, na Julai 2005 zikaanza kazi taasisi mbili ambazo kila mwombaji wa leo anazijua: Tume ya Vyuo Vikuu, yaani TCU, na Bodi ya Mikopo. Tangu hapo maswali ya kuingia chuo yakawa mawili: umechaguliwa? Na je, umepata bumu, yaani pesa ya mkopo?

Wakati ule mwombaji alinunua fomu ya kila chuo. Mwenye uwezo aliomba vyuo vitano, akachaguliwa vyote vitano, akaenda kimoja. Viti vinne vikabaki vitupu huku mwenzake wa Namanyere aliyeweza kununua fomu moja tu amekosa. Kwa ajili hiyo TCU ilianzisha mfumo wa pamoja wa udahili kwa mwaka wa masomo 2010/2011. Mwombaji aliomba mara moja, akapanga machaguo yake kwa mfuatano, kompyuta ikampangia. Mimi mwenyewe niliomba kwa mfumo huo mwaka 2015. Nakumbuka foleni ya kibanda cha intaneti mjini, na kijana wa kibanda aliyekuwa akitujazia kwa malipo, anauliza namba ya mtihani, anauliza kombi, anachagua kozi kabla hujamaliza kusema. Dada mmoja aliyetangulia kwenye foleni alitaka uuguzi. Alitoka hapo ameombewa ualimu, na hakujua mpaka majina yalipotoka.

Mfumo ule ulitatua tatizo la viti vitupu ukaleta la pili: hakuna mtu wa kuuliza. Chuo kilisema kimeletewa majina. TCU ilikuwa Dar es Salaam. Aprili 2017, alipozindua mabweni mapya Mlimani, Rais John Magufuli aliagiza TCU iache kuwapangia wanafunzi vyuo, na kuanzia udahili wa 2017/2018 waombaji wakarudi kuomba moja kwa moja vyuoni. TCU ikabaki kuweka sifa za chini, kuhakiki majina na kupanga awamu. Aliyechaguliwa zaidi ya chuo kimoja sasa hutumiwa namba maalumu ya siri kwenye simu, athibitishe anakokwenda. Uamuzi huo wa 2017 ndio uliorudisha dirisha, na ndio uliofanya vyuo vihitaji tena watu wa kukaa dirishani. Kila mwezi Julai, kwenye maonesho ya vyuo pale viwanja vya Mnazi Mmoja, mahema yanajaa watu wa kazi hii, na mimi nimekuwa mmoja wao, nimesimama na vipeperushi tangu asubuhi mpaka miguu inavimba.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nalitaka jopo liniulize.

Februari 2013 yalitangazwa matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, na zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri. Nchi ilishtuka. Serikali iliunda tume, matokeo yakafutwa na kupangwa upya. Baada ya hapo viwango vya alama vilibadilishwa, ikaingia B+ ambayo haikuwapo, na kwa muda madaraja ya kwanza, pili, tatu yaliondolewa yakawekwa wastani wa pointi. Mwanzoni mwa 2016 yakarudishwa. Watu wengi wanalikumbuka jambo hili kama kelele za kisiasa zilizopita. Kwa afisa udahili halijapita, kwa sababu limeandikwa kwenye vyeti vya watu, na vyeti havizeeki.

Chukua kitabu cha mwongozo cha TCU, ukurasa wa sifa za kujiunga. Wahitimu wa kidato cha sita wamegawanywa kwa miaka. Aliyemaliza kabla ya 2014 anatakiwa awe na ufaulu kamili wa masomo mawili, yaani E kwenda juu, wenye jumla ya pointi 4, na hapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Aliyemaliza 2014 au 2015 anatakiwa pia pointi 4, lakini kwake A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1; na masomo yote mawili lazima yawe C kwenda juu. Aliyemaliza 2016 na kuendelea amerudi kwenye hesabu ya zamani. Herufi ni ileile, thamani si ileile. C ya 2013 ni pointi 3. C ya 2015 ni pointi 2. Cheti changu kina B+ ya Kiswahili, na nikimwonyesha kijana aliyemaliza juzi ananiuliza kama ni cha nchi hii.

Kaka yangu alimaliza kidato cha sita mwaka 2013, kombi ya HGL. Alipata C ya Jiografia, D ya Historia na D ya Kiingereza. Hali ya nyumbani ilikuwa ngumu, akakaa. Mwaka 2018 alijikusanyia pesa akaenda kuomba ualimu katika chuo kimoja. Aliyekuwa dirishani alitazama cheti, akahesabu kwa kidole, C ni mbili, D ni moja, jumla tatu, akamwambia pointi hazitoshi. Kaka akashukuru. Alitoka hapo akanunua pikipiki ya mkopo na kuendesha bodaboda.

Mwaka 2021, msimu wangu wa kwanza wa mkataba, tulipewa kitabu cha mwongozo tukisome usiku mmoja kabla ya dirisha kufunguliwa. Nilikisoma kitandani kwa mwanga wa simu. Nilipofika kwenye ukurasa ule nilikaa. Nilisoma mara ya pili, nikachukua kalamu, nikaandika pembeni: C ni tatu, D ni mbili, jumla tano. Kaka alikuwa na pointi 5. Zilitakiwa 4. Alipigiwa hesabu ya watu wa 2014 na 2015, na ile hesabu haikumhusu. Nilimpigia simu usiku uleule na nikashindwa kusema, nilimwambia tu, "Kaka, tafuta cheti chako, usikitoe ndani." Aliomba mwaka huo, akachaguliwa awamu ya kwanza, amehitimu 2024. Anafundisha Jiografia. Miaka mitatu kati ya 2018 na 2021 haikurudishwa na mtu, na hakuna aliyeandika popote kwamba ilipotea.

Aliyemhudumia hakuwa mtu mbaya. Nadhani alikuwa kama mimi, mwenye mkataba wa miezi mitatu na foleni ndefu mbele yake, naye hakuambiwa kwamba mwaka wa cheti ndio kitu cha kwanza kutazama. Ndiyo maana siwezi kuona kazi hii kama ya karani wa kupokea fomu. Kule Shinyanga walikaa watu zaidi ya saa moja kumjadili kijana mmoja aliyengoja chini ya mwembe. Sisi tuna dakika tano, na mara nyingi hatumtazami usoni, tunatazama skrini. Mashine sasa inavuta matokeo yenyewe ukiandika namba ya mtihani, na hilo limepunguza makosa. Lakini mwenye stashahada anahitaji namba ya uhakiki na wastani usiopungua 3.0, aliyesoma nje anahitaji ulinganifu wa cheti, aliyebadili jina baada ya ndoa anahitaji hati ya kisheria, na aliyekata tamaa mwaka 2018 hayumo kwenye skrini kabisa. Huyo anahitaji mtu anayejua ukurasa.

Kwa hiyo kwenye daftari langu la maandalizi hakuna majibu ya kukariri kuhusu udhaifu wangu na nguvu zangu. Kuna jedwali la miaka nililolichora kwa rula, kabla ya 2014, 2014 na 2015, 2016 kuendelea. Kuna kozi zenye masharti ya ziada, maana pointi 4 ni kiwango cha chini tu, na mtu wa uuguzi au uhandisi ataulizwa masomo mengine. Na ndani ya jalada nimeweka nakala ya barua ya mjomba. Aliniruhusu niipige picha dukani, akasimama mlangoni kungoja ya kwake, na alipoipokea aliikunja kwenye mikunjo ileile.

Usaili ni Jumatatu, saa 2 asubuhi. Nikiipata nafasi au nikiikosa, hili linalofuata naliandika kwa ajili yako unayesoma na una cheti kabatini. Kama ulimaliza kidato cha sita kabla ya 2014, tazama masomo yako mawili bora ya kombi yanayokubaliwa na kozi unayoitaka na uyahesabu hivi: A 5, B 4, C 3, D 2, E 1, S iliyo chini ya E usiihesabu. Zikifika 4, sifa ya chini unayo, hata kama dirishani uliwahi kuambiwa huna. Nenda tena, na mwaka uliomaliza utaje kabla hujatoa cheti.